Watoto wa nguruwe wanakohoa: tafuta chanzo kabla ya kushika sindano

Mfugaji wa Nyanda za Juu Kusini anaijua hii sauti hata akiwa bado kitandani: kikohozi kikavu cha nguruwe mdogo, kifupi, kama mtu anagonga debe tupu kwa kifundo cha kidole. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane utaisikia Uyole, Mbalizi, Mafinga, Njombe na Makete. Na kila inaposikika, wengi wetu tunafanya jambo lile lile: tunaenda duka la dawa za mifugo, tunaomba "sindano ya kikohozi", tunapewa chupa, tunachoma banda zima.

Msimu wangu wa kwanza nilichoma watoto kumi na mmoja kwa siku nne mfululizo. Kikohozi kikaendelea kama hakijaona kitu. Siku ya tisa kikapungua, nikajisifu kwa jirani kwamba dawa ile ni kiboko. Baada ya miezi miwili nguruwe wale wale wakaanza kutoa minyoo mirefu kama tambi kwenye kinyesi. Bwana mifugo alipokuja akaangalia, akaniuliza swali moja tu: "Hawa hawakukohoa walipokuwa wadogo?" Nilikuwa nimechoma penisilini kwa ajili ya viluwiluwi vya minyoo vilivyokuwa vinapita kwenye mapafu kuelekea tumboni. Penisilini na minyoo havijuani kabisa.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, nao ndio ninaouandika hapa. Hatua za mwanzo hazina gharama yoyote zaidi ya muda na pua yako. Za mwisho zina gharama. Ndiyo maana zimekaa kwa mpangilio huu.

Vifaa vyenyewe: daftari na kalamu, simu yenye saa ya sekunde, themometa ya dijitali ya duka la dawa la kawaida, tochi, glavu, mafuta kidogo ya kupaka na kisu kikali. Themometa ya nguruwe ikae bandani na iandikwe jina, isije ikarudi ndani kupimia watoto wa nyumbani.

Kwanza kabisa: je, si homa ya nguruwe ya Afrika?

Swali hili lijibiwe kabla hujagusa mnyama. Ugonjwa huu tunaufahamu. Mwishoni mwa mwaka 2010 ulilipuka Kyela, na umekuwa ukirudi Nyanda za Juu tangu wakati huo. Hauna tiba. Nao unaweza kumfanya nguruwe ahangaike kupumua na kutoa povu puani, kwa hiyo mtu anaweza kudhani ni mapafu tu.

Kinachoutofautisha ni kwamba hauchagui umri. Kikohozi cha kawaida cha mapafu huanza kwa wadogo au kwenye chumba kimoja. Homa ya Afrika inaangusha mama, dume na watoto ndani ya siku chache. Joto linapanda mpaka 41 au 42, wanarundikana hawataki kuamka, chakula hawakigusi, masikio, tumbo na mapaja yanageuka mekundu au zambarau. Wengine hutapika, wengine huhara damu, wenye mimba huzitupa.

Ukiona hivyo, acha kila kitu kilichoandikwa hapa chini. Usichome sindano, maana sindano moja inayopita kwa nguruwe kumi inabeba damu ya wote. Usimpasue aliyekufa, kwa sababu damu yake ndiyo yenye virusi vingi kuliko kitu kingine. Usiuze, usichinje haraka haraka "kuokoa mtaji". Funga banda, vua viatu ulivyoingilia, mpigie bwana mifugo wa kata. Najua uchungu wa kusikia neno karantini. Lakini aliyeuza nguruwe mgonjwa mnadani ndiye aliyewamalizia majirani zake.

Kama hakuna dalili hizo, endelea.

Sikiliza ukiwa nje

Nenda alfajiri kabla ya kulisha, simama nje ya banda dakika tano bila kuongea. Ukiingia na ndoo ya chakula watapiga kelele za njaa na hutasikia lolote la maana.

Tenganisha chafya na kikohozi. Chafya inatoka puani: kichwa kinatikisika, makamasi yanaruka. Kikohozi kinatoka kifuani: shingo inanyooka mbele, mgongo unapinda, mbavu zinabana. Wafugaji wengi huviita vyote mafua, na hapo ndipo safari inapopotea, maana kinachomsumbua nguruwe puani na kinachomsumbua mapafuni ni vitu viwili tofauti.

Kisha ingia taratibu, waamshe wote, wazunguke chumba mara moja. Subiri dakika moja watulie. Sasa hesabu vikohozi kwa dakika tatu. Pumzika kidogo, rudia, halafu rudia tena. Andika namba zote tatu pamoja na idadi ya nguruwe waliomo chumbani. Usitafute namba ya kitabuni ya kulinganisha nayo. Mwamuzi wako ni namba yako ya juzi. Banda lililotoka vikohozi vitatu kwenda kumi na viwili ndani ya wiki limekuambia jambo.

Sauti yenyewe nayo ina maneno yake. Kikohozi kikavu cha mfululizo, mara tano, sita, saba bila kupumzika, nguruwe amesimama palepale na bado ana hamu ya kula: hapo nafikiria maikoplazima (bakteria wa mapafu), au minyoo. Kikohozi kifupi kilichokatishwa, kama mtu anayeogopa kukohoa kwa sababu mbavu zinauma, na mkoromo mdogo kila anapotoa pumzi: hapo utando wa mapafu umevimba, na hilo si la kusubiri kesho.

Chuchumaa

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Wewe unapumua hewa ya mita moja na nusu juu ya sakafu. Mtoto wa nguruwe wa wiki nne anapumua hewa ya kimo cha goti lako akiwa amesimama, na akilala anapumua ile iliyogusa mkojo. Kwa hiyo ingia bandani asubuhi mapema kabla mlango haujakaa wazi, chuchumaa mpaka uso wako uwe sawa na wa nguruwe, vuta pumzi kwa pua na ukae hapo kama dakika mbili. Macho yakiwasha, koo likikereketa, umeshapata angalau nusu ya jibu. Hewa ya mkojo, yaani amonia, ndiyo inayokuwasha. Na usiamini pua ya anayefanya kazi humo kila siku, kwa sababu pua huzoea. Mwite mtoto wa shule au jirani asiyefuga aingie, umtazame uso.

Kwa nini amonia inaleta kikohozi? Ndani ya koromeo na mirija ya hewa kuna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinavyofagia vumbi na vijidudu kuvirudisha juu. Amonia inavilemaza vinyweleo hivyo. Maikoplazima nao wakiingia wanashambulia vinyweleo hivyo hivyo. Ukiwa na vyote viwili kwa pamoja, banda limebaki bila ufagio, na kila kijidudu kinachopita kinaingia mapafuni bila hodi.

Huku kwetu tatizo hili tunajitengenezea wenyewe kwa nia njema. Usiku wa mwezi wa saba Mbeya joto linashuka chini ya nyuzi 10, na Makete au Njombe unaamka ukakuta sakitu kwenye majani. Mfugaji anawahurumia watoto, anaziba banda lote kwa mabanzi, nailoni na viroba mpaka kwenye kenchi. Baridi imezuiwa, ndiyo. Lakini mvuke wa pumzi na mkojo hauna pa kutokea, unageuka maji chini ya bati na kudondoka asubuhi kama manyunyu. Ukikuta bati linatiririka kwa ndani saa moja asubuhi, banda hilo linakaba.

Jingine baya zaidi ni jiko la mkaa. Nimeona watu wakiliacha bandani usiku kucha, mlango umefungwa. Moshi wa mkaa hauna harufu kali, lakini hewa yake inaua binadamu, sembuse kitoto cha kilo mbili.

Ukiwa bado umechuchumaa, weka kiganja kwenye matandiko. Yakikuachia unyevu mkononi, badilisha. Maranda ya mbao, yale makubwa yanayojikunja, ni mazuri na huku kwenye misitu ya Mufindi na Njombe hayakosekani. Unga wa msumeno ule laini ni vumbi tupu, nao wenyewe unakohoza. Pumba kavu nayo hivyo hivyo: angalia kama wanakohoa zaidi dakika tano baada ya kumwagiwa chakula. Ikiwa ni hivyo, lowanisha chakula kwa maji kidogo kwa siku mbili, uone.

Mwisho, tazama walivyolala. Wakipandana kama magunia, wana baridi. Wakijitandaza ubavu kwa ubavu bila kupandana, wako sawa. Waliozaliwa leo wanahitaji nyuzi 32 hadi 34 pale wanapolala, na walioachishwa kunyonya wakiwa na wiki tatu au nne bado wanataka kama 28. Banda zima la Uyole huwezi kulipasha moto kiasi hicho, wala huna haja. Watengenezee kijumba cha mabanzi kwenye kona, kimo cha goti, juu kimefunikwa, ndani maranda mengi, na mlango mdogo ambao mama hapiti. Joto lao wenyewe litakaa humo, na banda lililobaki libaki linapumua.

Hesabu pumzi, pima joto

Chagua watatu: anayeonekana mgonjwa zaidi, wa wastani, na mmoja unayeamini ni mzima. Wakiwa wamelala, hawajakimbizwa, hesabu ubavu unavyopanda kwa sekunde 30 kisha zidisha kwa mbili. Mchanga wa siku chache anapumua mara 50 hadi 60 kwa dakika, hilo lisikutishe. Aliyeachishwa kunyonya anapaswa kuwa kati ya 25 na 40. Akiwa na 60 huku amelala na hali ya hewa ni baridi, ana shida.

Tazama pia anavyopumua. Mzima anatanua kifua. Mgonjwa anasukuma kwa tumbo: nyama ya ubavuni nyuma ya mbavu inadunda ndani na nje kama mvukuto wa mhunzi. Aliyekaa kitako kama mbwa, mdomo wazi, midomo imeingia rangi ya buluu, huyo hana saa nyingi.

Joto lipimwe kwa themometa iliyopakwa mafuta, kwenye njia ya haja kubwa, ikiegemea pembeni iguse ukuta wa utumbo na si kuchomekwa katikati ya kinyesi. Kawaida ni 38.5 hadi 39.5, wadogo wakifika 40 bila kuugua. Juu ya 40.5 ni homa. Usipime aliyetoka kukimbizwa bandani. Mpe nusu saa, la sivyo utapima mbio zake.

Hapo tayari umegawa wagonjwa wako makundi mawili. Wanaokohoa bila homa: hewa mbaya, vumbi, minyoo, au maikoplazima akiwa peke yake. Wanaokohoa wakiwa na homa: vijidudu vimeshashika mapafu, au mafua makali.

Umri ndio ufunguo

Nikipigiwa simu na mtu anasema nguruwe wake wanakohoa, swali langu la kwanza ni: wana wiki ngapi? Wengi hawana tarehe. Andika tarehe ya kuzaliwa kwa chaki mlangoni, inatosha.

Wa siku chache hadi wiki tatu wakihema haraka, mara nyingi mapafu hayana kosa. Watazame ndani ya masikio dhidi ya mwanga wa jua na kwenye ufizi. Wakiwa weupe kama karatasi, wamekosa damu. Mtoto wa nguruwe anahitaji kama miligramu 7 za madini ya chuma kwa siku, maziwa ya mama yanampa takriban 1. Wale wa zamani waliochimba udongo walijipatia wenyewe. Wa siku hizi wanazaliwa juu ya saruji. Anakimbia kidogo, anahema kama ametoka Tukuyu kwa miguu. Tiba ni sindano ya chuma, miligramu 200 kwenye siku ya tatu hivi ya maisha. Soma chupa: ya miligramu 100 kwa mililita inataka mililita mbili, ya 200 inataka moja. Waliokwisha chelewa wachomwe pia, lakini kwa mkono mpole, wasikimbizwe, maana wasio na damu wanaweza kukufia mkononi.

Wakiwa na umri huo huo lakini wanapiga chafya, machozi yamechora mstari mweusi chini ya macho, na baada ya wiki kadhaa pua inaanza kupinda upande au kukunjamana juu, huo ni ugonjwa wa pua unaokula mifupa laini ya ndani. Ni kazi ya bakteria wawili: kinachoanza ni bordetela, kinachoharibu zaidi ni pasturela yenye sumu. Pua iliyokwisha kupinda hainyooki.

Wiki nne hadi nane ndicho kipindi cha hatari, kwa kuwa kinga ya maziwa inaisha na yao haijakaa sawa. Hapa namtafuta mtoto mwenye homa, anayechechemea, magoti au vifundo vimevimba, anayelia ukimgusa. Ugonjwa wa Glässer, wa bakteria wanaovimbisha viungo na utando wa ndani, una sura hiyo. Wakati mwingine hufika kwenye ubongo na mtoto anapiga makasia chini. Bakteria wa streptokoka nao hufanya hivyo hivyo, na kwa macho huwezi kuwatenganisha.

Umri huo huo ndio wa minyoo mikubwa ya mviringo. Mayai yake hukaa kwenye udongo na nyufa za sakafu kwa miaka. Mtoto akiyameza, ndani ya wiki moja viluwiluwi vimeshatoka ini na kufika mapafu, anakohoa siku kadhaa, kisha vinakoholewa, vinamezwa tena, vinakuwa minyoo iliyokomaa tumboni. Ndiyo maana kupeleka kinyesi kikapimwe wakati wa kikohozi hakusaidii: mayai hayaonekani mpaka wiki sita hadi nane baadaye. Hili lilinipata mimi.

Kuanzia wiki nane, kumi na kuendelea, mtuhumiwa wangu mkuu ni maikoplazima. Anaenda polepole. Wachache wanakohoa, wiki inayofuata wengine, hakuna anayekufa, wote wanakula, lakini hawanenepi. Waliozaliwa siku moja unakuta mmoja ana kilo 30 na ndugu yake ana 18. Hasara yake haina kelele, ipo kwenye mzani.

Wanaofunguliwa kuchimba kwenye migomba yenye unyevu, kama Rungwe, waongeze minyoo ya mapafu kwenye orodha. Hii hupitia kwenye nyungunyungu. Nguruwe asiyekula nyungunyungu hawezi kuipata, kwa hiyo wa kwenye saruji muda wote usiwahangaikie.

Viwili havijali umri. Mafua ya nguruwe: jana kimya, leo banda zima linakohoa, wamelala, hawali, joto 41, na baada ya siku tano hadi saba wameamka wote kama hakuna kilichotokea. Virusi hivi vinapita kati ya watu na nguruwe, hivyo mwenye mafua asiingie kulisha. Cha pili ni ugonjwa mkali wa mapafu na utando wake unaoletwa na bakteria aitwaye aktinobasila: jioni mnyama aliyenona alikula vizuri, asubuhi amekufa, povu lenye damu puani. Huyo akitokea mmoja, piga simu siku hiyo hiyo.

Kuna virusi vingine vya kuvuruga kinga ambavyo kwa macho bandani havitambuliki, hivyo sivijadili. Ni kazi ya maabara.

Jaribio la siku tatu

Hili ni kwa wasio na homa na wanaokula. Mwenye homa au anayesukuma tumbo asisubirishwe siku tatu, aende moja kwa moja kwenye tiba.

Fungua nafasi ya upana wa kiganja juu chini ya paa, pande mbili zinazokabiliana, ili hewa chafu itoke juu ya vichwa vyao. Upepo wa chini, kwenye kimo cha nguruwe, uzibe. Toa matandiko yote, weka makavu, na lowanisha chakula. Usibadilishe kingine chochote, wala usichome dawa. Ukifanya vitu vyote kwa siku moja hutajua kilichosaidia.

Ukurasa wa daftari langu wa mwaka mmoja unasomeka hivi: "Chumba cha pili, watoto 13. Tarehe 9 Julai: 14, 11, 12. Tarehe 12: 5, 4, 4. Mabanzi mawili ya juu yametolewa, maranda gunia tatu." Gharama yote ilikuwa bodaboda ya kubeba maranda. Kama namba zingebaki palepale, ningejua hewa si mkosaji, au si mkosaji peke yake.

Akifa mmoja, mfungue

Kama homa ya Afrika umeshaiondoa kwenye hesabu na bwana mifugo amekubali, aliyekufa ana majibu mengi kuliko walio hai. Afunguliwe mapema, akiwa hajapitisha saa nyingi, juu ya nailoni, mbali na banda. Vaa glavu, streptokoka wa nguruwe wanamwingia mtu kupitia kidonda cha mkononi.

Mlaze chali, kata makwapa miguu ya mbele ilale pembeni, kata gegedu za mbavu kando ya kidari, nyanyua kidari kama kifuniko. Kabla hujagusa chochote, tazama kwanza. Mapafu mazima ni ya pinki iliyofifia, laini kama sifongo, ukibonyeza yanarudi.

Ncha za mbele na chini zikiwa za zambarau au kijivu, ngumu kama nyama, na mpaka wake na sehemu nzima umekatika kama uliochorwa, hiyo ni sura ya maikoplazima. Kata kipande hicho ukitumbukize kwenye kikombe cha maji: kinazama, wakati cha sehemu nzima kinaelea. Bonge jekundu la kukolea sehemu ya nyuma na juu, limegandana na mbavu, ni aktinobasila. Utando wa njano kama yai lililovurugwa ukiwa umefunika mapafu, moyo na hata utumbo, fikiria Glässer. Kisha geuza ini: madoa meupe kama matone ya maziwa ni njia walizopita viluwiluwi. Kata ncha za nyuma kabisa za mapafu na uzikamue. Nyuzi nyeupe zikitoka, umeipata minyoo ya mapafu. Na kama kila kitu ni cheupe na damu ni maji maji, rudi kwenye sindano ya chuma.

Piga picha ukiwa na mwanga wa jua, daktari atakushukuru. Mzoga usiliwe na usipewe mbwa. Shimo refu, chokaa, udongo.

Hata asipokufa yeyote, siku ukichinja omba uone mapafu kabla hayajaingia sufuriani. Ukienda kwa mchinjaji wa kitimoto na nguruwe wako sita, mapafu sita yaliyopangwa mezani yatakueleza historia ya banda lako.

Maabara

Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Iringa kinachohudumia kanda yetu. Pitia kwa daktari wa mifugo wa wilaya, ndiye anayejua sampuli ipi ichukuliwe na inajazwaje fomu. Kwa mapafu, kipande kinachofaa ni cha mpakani, nusu kibovu na nusu kizima, kutoka kwa mnyama ambaye hajachomwa dawa. Kikae kwenye chombo kisafi kisichovuja, ndani ya boksi la barafu, kipoe, kisigande. Kipande kilichosafiri kwenye mfuko wa rambo juu ya boneti ya basi kutoka Mbeya kitafika Iringa kikiwa kimeoza.

Sasa ndipo dawa

Maikoplazima hawana ukuta wa nje ambao penisilini huuvunja, kwa hiyo penisilini na mchanganyiko wa penstrepu (penisilini na streptomaisini) si silaha yake. Tailosini, tiamulini na oksitetrasaiklini ndizo zinazomgusa. Kinyume chake, Glässer na streptokoka kwa kawaida husikia penisilini, ikiwahi. Mafua ya virusi hayana dawa ya kuua. Maji safi, joto na hewa, na daktari ataamua kama kuna maambukizi ya pili ya bakteria yanayohitaji sindano. Minyoo ni ivermektini chini ya ngozi, mililita 1 kwa kilo 33 ikiwa ni ile ya asilimia 1. Mtoto wa kilo 8 anapata robo mililita tu, kwa hiyo nunua bomba la mililita moja. Mama naye apewe dawa ya minyoo wiki moja au mbili kabla ya kuzaa na aoshwe chuchu, la sivyo mzunguko unaanza upya.

Pima uzito, usikisie. Mzani wa kuning'iniza wa kupimia viazi na kiroba safi vinatosha. Oksitetrasaiklini ya asilimia 20 ya kukaa muda mrefu ni mililita 1 kwa kilo 10 kwenye msuli wa shingo nyuma ya sikio, kwa hiyo wa kilo 12 ni 1.2. Ile ya asilimia 10 ina chupa inayofanana na kipimo tofauti, ndipo watu wanapochanganya. Sindano ibadilishwe, siku zilizoandikwa zikamilishwe hata akiamka kesho yake, na siku za kusubiri kabla ya kuchinja zisomwe kwenye lebo na kuandikwa mlangoni.

Hesabu vikohozi tena siku ya tatu ya tiba, saa ile ile ya alfajiri. Visipopungua, usirudi dukani kuomba chupa kali zaidi. Rudi kwenye umri, joto na matandiko, na umwite daktari aone ulichokiruka. Na yule aliyepona akadumaa, usimrudishe nyuma akae na wadogo zake ili "asionewe" na wa rika lake. Maikoplazima hukaa mapafuni mwake kwa miezi huku yeye akionekana mzima, na akilala pua kwa pua na walioachishwa kunyonya jana, utaanza kuhesabu upya kutoka chumba kile.